Boti ya futi 19: kutoka Industrial Area hadi Naivasha

Jumatatu, yadi ya Industrial Area

Boti iko juu ya trela, imefunikwa turubai. Ni ya faiba, futi 19, ina kijichumba mbele cha kulala watu wawili, na injini ya nje ya two-stroke yenye nguvu ya farasi 40. Imetoka Pwani. Watakaoitumia hawajawahi kumiliki boti, na wanataka kuishusha Ziwa Naivasha Jumapili. Nairobi yenyewe haina maji ya kuijaribia: Bwawa la Nairobi pale Lang'ata, lililojengwa 1953, ambako zamani watu walipiga tanga, limezibwa na gugu maji na taka. Kwa hiyo kila kitu lazima kipimwe nchi kavu. Hitilafu ikionekana hapa, bodaboda inakimbia Kirinyaga Road kutafuta spea na jioni kazi inaendelea. Ikionekana katikati ya ziwa, upepo ndio unaoamua utafika wapi.

Orodha ya ununuzi waliyokuja nayo ilianza na redio, spika na kifaa cha kutafutia samaki. Tumeigeuza. Kwanza kinachozuia maji kuingia, pili kinachoisogeza boti, tatu kinachoisimamisha. Mengine yasubiri. Pesa za mwanzo zikiishia kwenye spika, hakuna atakayerudi dukani kununua sili ya oili.

Leo ni ukaguzi tu. Mpini wa plastiki wa bisibisi unatosha: gonga sehemu ya chini yote, kila baada ya sentimita tano, kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma). Faiba nzima inalia ko-ko kwa ukali. Iliyoachana tabaka au kunywa maji inalia bu-bu. Pale pasipoeleweka, piga chaki, kisha rudi upande wa pili wa boti ugonge mahali pale pale ulinganishe, maana nyuma yake panaweza kuwa na mbao inayobadilisha sauti.

Ubao wa tezi, unaobeba injini, ndio unaoua boti nyingi za mitumba. Ndani yake kuna plaiwudi, na maji huingia kupitia matundu ya bolti. Shika injini kwa chini, iinue na kuishusha kwa nguvu huku mwenzako akitazama ubao: ukicheza hata kidogo, au nyufa zikifunguka pembeni, simamisha kila kitu. Kwa uhakika zaidi, toboa tundu la milimita 5 kutoka ndani, chini kabisa, bila kupita hadi nje. Vumbi likitoka kavu na jeupe, ubao ni mzima. Likitoka jeusi na limeshikana, plaiwudi imeoza, na kuibadilisha ni kazi ya wiki, gharama yake ikikaribia bei ya boti yenyewe. Hii imetoka kavu. Tundu tumeliziba kwa epoksi.

Ubovu uliopatikana ni ufa wa sentimita 15 karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti, umepenya hadi ndani. Pande zote mbili unalia bu-bu.

Jumanne, bado yadini

Faiba hairekebishwi kwa kupaka juu ya ufa. Unasaga hadi ufikie nyenzo nzima, kisha unapanua mteremko pande zote kwa uwiano wa 12 kwa 1. Unene hapa ni milimita 6, kwa hiyo mteremko unaenea milimita 72 kila upande. Wageni hushtuka wakiona ufa mwembamba umegeuka kidonda cha upana wa sahani, lakini kiraka kinashika kwa eneo, na eneo dogo litabanduka wimbi la kwanza likipiga.

Mkeka wa gramu 450 kwa mita mraba ukishaloweshwa resini hutoa unene wa karibu milimita moja. Kwa hiyo kata vipande sita, cha kwanza kidogo, kila kinachofuata kikubwa kidogo kuliko cha chini yake. Resini ya poliesta inahitaji uzito wa mara mbili hadi mbili na nusu ya mkeka. Kigandishaji ni asilimia 1 hadi 2. Kwa kilo moja ya resini tumetumia mililita 15, zilizopimwa kwa sirinji ya duka la dawa. Usimimine kwa macho. Kikizidi, kopo linachemka mkononi na kiraka kinapasuka. Kikipungua, kesho yake bado kinanata.

Asubuhi za baridi za Nairobi huchelewesha resini, kwa hiyo kazi hii ifanywe kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Tabaka la mwisho lifunikwe kwa karatasi ya nailoni hadi likauke, kwa sababu poliesta ikigusana na hewa haikauki vizuri juu. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke; ya kitambaa haisaidii. Na jambo moja la kushikwa kabisa: kuna resini zinazouzwa bila kiharakishi cha kobalti, kikiwa kwenye chupa ya pembeni. Kobalti na kigandishaji visikutane peke yao kamwe. Vikichanganywa moja kwa moja hulipuka. Koroga kobalti ndani ya resini kwanza hadi ienee, ndipo kigandishaji kifuate. Kwenye rafu pia, chupa hizo zisikae jirani.

Jumatano, injini

Kabla ya kugusa chochote, fungua skrubu ya chini ya oili ya gia. Boti imekaa usiku kucha bila kutikisika, kwa hiyo maji, kama yapo, yametulia chini na yatatangulia kutoka. Yametoka matone machache, kisha oili ya rangi ya chai ya maziwa. Maji yanaingia, na karibu kila mara chanzo kiko nyuma ya propela.

Ondoa pini, fungua nati, vuta propela. Kwenye shafti kulikuwa na uzi wa nailoni wa kuvulia samaki umejizungusha na kubana kama pete, ukakata midomo ya sili. Uzi huo hauonekani propela ikiwa mahali pake. Sili mbili mpya, oili mpya. Ujazaji hufanywa kwa kuanzia chini: bana mdomo wa pampu kwenye tundu la chini, sukuma hadi oili itoke tundu la juu bila mapovu, funga la juu kwanza, kisha toa pampu na ufunge la chini haraka. Ukijaza kupitia juu, hewa inabaki ndani na gia zinazunguka kwenye povu. Washa (pete za kuzibia) za skrubu hizo zibadilishwe kila mara. Ni za shilingi chache, na ya zamani ikishabanwa mara moja haizibi tena. Kitabu cha injini kinataka oili hii ibadilishwe kila saa 100 za kazi. Paka grisi ya baharini kwenye meno ya shafti kabla ya kurudisha propela, vinginevyo mwakani haitatoka.

Kisha impela, kile kigurudumu cha mpira kinachopandisha maji ya kupoza injini. Injini ikikaa miezi bila kuzunguka, mabawa hujikunja upande mmoja na kubaki hivyo. Ikiwashwa kavu, chini ya dakika moja inatosha kuyaunguza. Hatua ni hizi: tenganisha kiungo cha gia, fungua bolti za mguu (sehemu ya chini ya injini yenye gia na propela), shusha mguu taratibu, fungua kifuniko cha pampu. Bawa moja lilikuwa limekatika. Hapo kazi haiishii kwenye kuweka impela mpya. Kipande kile kiko mahali fulani juu, na kikifika kwenye njia nyembamba za maji karibu na thamostati, injini itachemka ikiwa na impela mpya kabisa. Tulikipata kwenye bomba la shaba. Impela mpya ipakwe sabuni ya maji na kuingizwa huku shafti ikizungushwa upande injini inakozungukia, ili mabawa yalale inavyotakiwa. Usisahau ufunguo mdogo wa chuma unaoishika kwenye shafti. Ukianguka, shafti inazunguka na impela imesimama.

Kipimo cha mgandamizo kimezua mjadala. Fundi wa pikipiki aliyekuja na kifaa alisoma pauni 97 na 99 kwa inchi mraba kwenye silinda mbili, akasema, "Mkubwa, hii injini imechoka." Haijachoka. Nairobi iko juu sana kutoka usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Silinda inayotoa pauni 120 Mombasa inatoa 98 hivi hapa. Cha kutazama ni tofauti kati ya silinda na silinda: isizidi asilimia 10. Hizi zinalingana.

Mwinuko huohuo unapunguza nguvu, karibu asilimia 3 kwa kila mita 300. Naivasha iko karibu mita 1,884, kwa hiyo farasi 40 wanabaki kama 33. Kabureta nayo inaendelea kumimina petroli kwa kipimo cha Pwani wakati hewa ni nyepesi, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito. Lakini jeti, kile kijitundu cha kabureta kinachopima petroli, haibadilishwi kwa kukisia yadini. Plagi zitasema baada ya kukimbia na mzigo.

Anodi, vile vipande vya chuma vinavyoliwa na kutu badala ya injini, zilikuwa za zinki, sahihi kwa bahari. Kwenye maji baridi ya Naivasha zinki hujifunika ganda na kuacha kufanya kazi, na aluminiamu ya injini ndiyo inayoanza kuliwa. Weka za magnesi, au za aluminiamu kama magnesi haipatikani. Zisipakwe rangi. Na boti ikirudi Pwani siku moja, za magnesi zitolewe, kwani chumvi huzimaliza upesi sana.

Jioni, jaribio la pipa. Pipa la lita 200 lililokatwa Kamukunji, maji yapande sentimita 10 juu ya lile bamba lililo juu ya propela. Propela iwe imetolewa, gia isiguswe, mwendo wa chini tu. Petroli imechanganywa 50 kwa 1, kwa hiyo lita 20 zinapata mililita 400 za oili ya TC-W3, ile ya injini za boti zinazopozwa kwa maji. Oili ya two-stroke ya pikipiki isitumike. Imetengenezwa kwa injini inayopozwa na hewa, na huacha masizi kwenye pete za pistoni. Bana kile kibofu cha kusukumia petroli hadi kiwe kigumu, washa, na utazame kijitundu cha nyuma: maji lazima yateme ndani ya sekunde chache. Yasipotema, zima. Yametema vizuri.

Alhamisi, umeme

Waya zote za zamani zimetolewa. Zilikuwa za nyumba, zile zenye kiini kimoja kigumu, na mtikisiko huzikata ndani ya ganda bila kuonekana. Boti inataka waya wa nyuzi nyingi nyembamba, bora zaidi zilizopakwa bati. Unene unapigiwa hesabu ya kwenda na kurudi: kifaa kilicho mita 5 kutoka kwa betri kina mita 10 za waya. Waya wa milimita mraba 2.5 una ukinzani wa karibu miliohimu 7 kwa mita, kwa hiyo kwa ampia 5 unapoteza volti 0.35, chini kidogo ya asilimia 3. Wa milimita mraba moja unapoteza volti 0.9, na pampu inazunguka kwa uvivu huku kila mtu akilaumu pampu.

Viungio ni vya kubana kwa koleo lenye meno, kisha kifuniko cha kusinyaa kwa moto. Usitegemee risasi ya kulehemu peke yake: waya uliolowa risasi unakuwa mgumu pale risasi inapoishia, na hapo ndipo unapokatika. Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 18, kwa sababu inalinda waya, na sehemu iliyo kabla ya fyuzi haina ulinzi. Betri iwe ndani ya sanduku lenye hewa, imefungwa mkanda. Volti 12.7 ikiwa imetulia ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, na chini ya hapo usianze safari.

Pampu ya ngama, inayotoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti, imeunganishwa moja kwa moja na betri kupitia swichi ya kuelea na fyuzi yake yenyewe, isipitie swichi kuu. Boti nyingi zaidi huzama zikiwa zimefungwa gatini usiku, swichi kuu imezimwa. Lakini pampu isimpe mtu usingizi. Tundu la kizibo cha ngama lenye kipenyo cha milimita 25, likiwa sentimita 30 chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika. Pampu hii ya lita 1,900 kwa saa, hata ikifanya kazi kama ilivyoandikwa kwenye boksi, inatoa lita 32 tu. Boti mpya, pampu mpya, kizibo kimesahaulika nyumbani: inazama. Kizibo cha pili sasa kimefungwa kwa kamba kwenye usukani.

Taa kutoka Luthuli Avenue: nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe juu inayoonekana pande zote. Ya rangi moja ikionekana kutoka upande wa mwenzake, iweke kibao cha kuikinga.

Ijumaa, nanga na vya kuokolea

Nanga ya kilo 6 ya mabawa bapa inafaa tope la Naivasha. Mita 5 za mnyororo wa milimita 8, halafu mita 50 za kamba ya nailoni ya milimita 12. Ile kamba ya buluu ya maduka ya vifaa vya ujenzi isiguswe kwa kazi hii: inaelea, inajisokota kwenye propela, na jua huifanya ikatike mkononi. Nailoni inazama na kunyumbulika wimbi linapovuta. Pini ya pingu, kile kiungo cha nanga na mnyororo, ifungwe kwa waya, maana mtikisiko huifungua. Mwisho wa ndani wa kamba ufungwe kwenye boti kabla ya nanga kutupwa. Urefu wa kuachia ni mara 5 ya kina mchana na mara 7 usiku, ukihesabu kina pamoja na kimo cha omo juu ya maji. Kina cha mita 4 na omo ya mita 1 ni mita 25 za kamba, na wageni wengi huachia 8 kisha wakashangaa nanga inaburuta.

Jaketi moja kwa kila mtu, kwa saizi yake, la mtoto liwe la mtoto na mkanda wa kupita kati ya miguu. Likaguliwe kwa kulivaa na kuvutwa juu kwa mabega: likifika masikioni, ni kubwa. Kizima moto cha unga kikae mbali na tangi, pahali pa kufikiwa bila kupita juu ya moto. Makasia mawili, filimbi, ndoo ya kutolea maji botini yenye kamba, simu kwenye mfuko usiopitisha maji. Cheti cha ukaguzi na usajili wa Kenya Maritime Authority kiwe kimepatikana kabla boti haijagusa maji. Mkaguzi atataka kuona vifaa hivi mahali pake, kwa hiyo mwite vikiwa tayari.

Jumamosi, barabarani

Kilomita 90 hivi. Tumechagua barabara ya juu, Limuru hadi Soko Mjinga na Kinungi, badala ya mteremko wa Mai Mahiu, kwa kuwa trela halina breki zake. Uzito kwenye kichwa cha kuvutia uwe asilimia 7 hadi 10 ya uzito wote wa trela na boti. Ukipungua, trela linaanza kuyumba, na dereva asikanyage breki kwa ghafla. Aachie mafuta taratibu. Mguu wa injini umewekewa mti wa kuukinga usining'inie kwenye kishikio chake cha kuinulia, ambacho hakikuundwa kwa matuta ya barabarani.

Soko Mjinga, simama uguse vikombe vya magurudumu kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni sawa. Kisichovumilika kuguswa kina beringi iliyobanwa mno au iliyokauka grisi. Cha kushoto kilikuwa cha moto kuliko cha kulia. Nati imelegezwa robo mzunguko, na kilomita 10 mbele vikalingana.

Jumapili, Naivasha

Trela lifike ukingoni na kusubiri nusu saa. Beringi zenye moto zikizamishwa kwenye maji baridi, hewa ndani husinyaa na kuvuta maji kupita sili, na kazi ya grisi inaharibika siku hiyo hiyo. Wakati wa kusubiri: chomoa waya wa taa za trela, funga kizibo cha ngama, ondoa mikanda isipokuwa ya omo.

Boti majini, bado imefungwa, inua kifuniko cha ngama na utazame dakika kumi kabla ya kuachia. Kiraka kikavu. Kamba ya kuzimia injini ifungwe mguuni mwa dereva, si kwenye usukani. Maji yamepanda sana ziwani tangu 2019 na 2020, na migunga iliyokufa pamoja na nguzo za ua zimebaki zimezama karibu na kingo, kwa hiyo mwendo wa polepole hadi kina kieleweke. Viboko hukaa kando ya mafunjo; wape nafasi kubwa na usikatize kati yao na kina kirefu. Gugu maji likiziba matundu ya mguu, kijitundu cha nyuma kinanyamaza. Zima, inua mguu, litoe kwa mkono.

Mafuta hugawanywa matatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiyoguswa. Injini hii ikifunguliwa yote hunywa lita 15 hadi 18 kwa saa, kwa hiyo tangi la lita 24 lina lita 8 za kwenda, kama nusu saa tu kwa kasi hiyo. Upepo huamka mchana na ziwa huchafuka upesi, hivyo boti iwe imerudi kabla ya saa saba.

Vipimo: watu wawili, mafuta yamefunguliwa yote, mizunguko 4,600 kwa dakika. Watu wanne, 4,300. Kitabu kinataka 4,500 hadi 5,500, kwa hiyo ikijaa watu injini inalemewa, na injini inayolemewa hivyo huchoma pistoni hata kama haichemki. Propela ni ya mwendo wa inchi 13, yaani umbali ambao ingesogea kwa mzunguko mmoja, iliyochaguliwa kwa hewa ya Pwani. Kila inchi ikipunguzwa huongeza mizunguko 150 hadi 200, hivyo ya inchi 11 itaileta 4,600 na zaidi ikiwa na watu wanne.

Plagi zimetoka nyeusi na zina masizi makavu, kama ilivyotarajiwa kwa mwinuko huu. Jeti kuu itapunguzwa namba moja tu, ijaribiwe, zisomwe tena. Kushuka namba mbili kwa pamoja ni kuhatarisha pistoni. Jeti za asili zitawekwa kwenye mfuko wenye lebo ndani ya sanduku la vifaa, kwa sababu zikisahaulika na boti ikashuka Mombasa na hizi ndogo, mchanganyiko utakuwa mwepesi na injini itaungua. Hadi propela ya inchi 11 ifike, boti isibebe zaidi ya watu wawili ikiwa inafunguliwa mafuta yote. Kabla ya trela kuondoka ukingoni, magugu yote yametolewa kwenye mguu, kwenye magurudumu na chini ya roli, na kizibo cha ngama kimefunguliwa maji yaishe hapo hapo.